Leptini na Uzazi wa Panya Dume

Leptini ni homoni inayotolewa na seli za mafuta, nayo huuarifu ubongo kiasi cha akiba iliyomo mwilini. Akiba ikitosha, hamu ya kula hupungua. Kazi yake katika uzazi wa dume ilidhihirika kwa panya wa aina ya ob/ob, waliogunduliwa mwaka 1949 katika Jackson Laboratory, Marekani. Panya hao hula bila kushiba na hunenepa kupita kiasi. Madume yao, kwa kawaida, ni tasa. Jeffrey Friedman na wenzake walipoibaini jeni ya leptini mwaka 1994, ilijulikana kwamba panya hao hawana leptini inayofanya kazi.

Lakini je, dume hushindwa kuzalisha kwa kukosa leptini, au ni unene tu unaomzuia? Mwaka 1997 Mounzih, Lu na Chehab waliwadunga leptini baadhi ya madume wa ob/ob, na wengine wakapunguziwa chakula hadi wakakonda. Makundi yote mawili yalipungua uzito, ila waliodungwa peke yao ndio waliowatia majike mimba. Korodani zao zilikua na mbegu zikaongezeka. Uzito wa jaribio hili uko kwa wale waliokondeshwa bila leptini: wasingekuwapo, yeyote angedai kwamba tiba ilikuwa kukonda.

Mwaka mmoja kabla, Ahima na wenzake walikuwa wamewafungisha njaa kwa siku mbili panya madume wasio na kasoro yoyote. Leptini ilishuka, na testosteroni ikashuka nayo. Kwa waliodungwa leptini, testosteroni ilishuka kwa kiasi kidogo kuliko kwa wenzao, ingawa matumbo yao yalikuwa matupu vilevile. Kwa hiyo ubongo wa panya wa ob/ob, pamoja na mafuta yote aliyonayo, humwona kuwa mwenye njaa.

Ndani ya haipothalamasi, sehemu ya ubongo, taarifa hupita njia ya mzunguko. Seli zinazotoa homoni ya GnRH hazina vipokezi vya leptini. Hupashwa habari na seli nyingine za neva, na zile za kisipeptini zimo katika mnyororo huo. GnRH huiamsha tezi ya pituitari, pituitari hutoa homoni ya LH, na LH huzisukuma seli za Leydig korodanini kutengeneza testosteroni.

Leptini haiko peke yake. Ghrelini, homoni ya tumboni iliyotangazwa na Kojima na Kangawa mwaka 1999, huchochea njaa na, kwa panya, hupunguza LH. Hata leptini yenyewe haina upande mmoja: ikiwekwa moja kwa moja kwenye vipande vya korodani za panya maabarani, hupunguza testosteroni badala ya kuiongeza.