Kuusikiliza Udongo wa Buha

Mtu akikuona na ditekta mkononi, swali lake la kwanza ni kama umeshapata dhahabu. La pili ni inazama futi ngapi. Muuzaji naye huyajibu hayohayo kabla hajaulizwa: hii inaona punje ya dhahabu, hii inafika mbali, hii ina skrini ya rangi. Swali linalofaa hulisikii dukani, nalo ni hili: utaitumia kwenye udongo gani? Kwa sisi wa Kasulu na Kibondo, huku Buha, nchi ya Waha, hilo ndilo swali lenyewe. Ardhi yetu ya juu imejaa chuma, na chombo cha kutafuta metali ukikishusha juu yake husikia nchi nzima ikiitika kwa mpigo.

Tazama ukingo ambapo barabara imekata kilima. Juu kuna udongo mwekundu wa maharage na migomba, chini yake tabaka la moramu, vijiwe vya rangi ya kutu vilivyoshikana hadi sururu inaruka. Mvua za maelfu ya miaka zimeyeyusha na kuchukua kila kilichoweza kuchukulika, zikaacha oksidi za chuma. Kisha ukaja moto. Kila kiangazi nyasi za miombo huungua, na joto lake hugeuza sehemu ya kutu ile kuwa chembe zinazovutwa na sumaku. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, ipitishe kwenye vumbi la njiani, uone itakavyorudi imeshika chembe nyeusi. Hiyo ndiyo ardhi ambayo ditekta inatakiwa kuipenya ili isikie kisarafu kimoja.

Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaletwa na chombo chake cha nyaya na umeme kuitafuta risasi mwilini. Hakuipata. Madaktari walikuwa wakimwonyesha upande usio wenyewe, na juu ya hayo mgonjwa alikuwa amelala kwenye kitanda chenye springi za chuma, nazo zikachafua sauti. Sisi wa Buha kitanda hicho tunalala juu yake kila siku.

Napenda zaidi habari ya Gerhard Fischer, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani. Alikuwa akishughulika na vifaa vya redio vya kuelekeza ndege, akagundua kuwa vipimo vyake vinapotoka penye metali au miamba yenye madini. Wengine wangeona hitilafu ya kurekebishwa. Yeye alitengeneza chombo cha kuifuatilia hitilafu yenyewe, na mwaka 1931 akaanzisha kampuni ya kukiuza. Kwa hiyo tangu mwanzo, usumbufu wa ardhi haukuwa adui wa kazi hii. Ndio ulioizaa.

Chombo chenyewe hufanya jambo jepesi kueleza. Koili, ile sahani ya chini, hurusha mawimbi ya sumaku yanayogeukageuka maelfu ya mara kwa sekunde. Metali ikiguswa na mawimbi hayo huzalisha umeme mdogo ndani yake, na umeme huo hurudisha mawimbi yake kwa kuchelewa kidogo. Fedha na shaba huchelewa kwa namna yao, nikeli kwa namna yake, msumari kwa namna yake. Mashine hupima kule kuchelewa ikakupa sauti na namba. Lakini udongo wenye chuma nao hurudisha jibu, tena kubwa kuliko la sarafu, na mashine isiyofundishwa haitajua lipi ni lipi.

Ndiyo maana katika kununua nampa mtu ushauri unaowakera wauzaji: usinunue kina. Mashine za mapigo, zinazorusha mawimbi yake kwa vipindi vifupi, wanazotumia wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya zina nguvu kwelikweli, na kwa dhahabu ya ardhi nyekundu hazina mpinzani. Ila hazijui vizuri kutenganisha msumari na kitu cha maana, na bei yake ni ya mtu anayetegemea kuirudisha. Kwa mtembeaji wa mashambani inamfaa zaidi mashine ya masafa mengi kwa pamoja. Teknolojia hiyo kampuni ya Minelab ya Australia iliianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, kupitia kazi ya mhandisi wao Bruce Candy, na sasa kampuni nyingine nazo zinayo. Angalia iwe na usawazishaji wa ardhi, yaani njia ya kuifundisha iupuuze udongo, unaoweza kuuendesha kwa mkono, wala usikubali ile iliyofungwa kiwandani. Angalia uzito, maana mkono utaipepea kutwa. Na pesa ikibaki, ongeza koili ndogo ya inchi sita. Hapo wengi hushangaa. Koili kubwa huona udongo mwingi zaidi, na udongo wetu ndio kelele. Koili ndogo huona udongo kidogo, ikasikia vizuri zaidi. Mahali pengine kina ni ukubwa. Hapa kina ni utulivu.

Sasa kuiseti, na hapa ndipo penye ufundi ninaoupenda kuliko hata kuchimba. Unganisha mpini, urefu wake ukuache umesimama wima, bega limelegea. Waya wa koili uuzungushe kwenye mpini ukaze bila kuuvuta, kwa sababu waya unaoning'inia na kucheza huleta sauti za uongo. Vua saa, weka simu mbali, angalia kama viatu havina vyuma. Iwashe ukiwa mbali na nguzo za umeme na mnara wa simu, uiache ijitafutie mkondo usio na mwingiliano. Halafu tafuta kipande cha ardhi kisicho na metali. Ni kazi kumpata mtu mwenye subira ya hatua hii, na wengi huharibikiwa hapa bila kujua: wanasawazisha mashine juu ya kisoda kilichofukiwa, kisha kutwa nzima wanashangaa.

Ukishapapata, inua koili hadi kimo cha shubiri, ishushe hadi karibu iguse nyasi, inua, shusha. Ukishusha, udongo unavuma, ukiinua, unanyamaza. Sogeza namba ya usawazishaji kidogokidogo. Sauti ya kushuka itafifia, na mahali fulani itageuka, ivume wakati wa kuinua. Rudi nyuma kidogo. Kati ya hizo mbili pana nukta ambapo mkono unapanda na kushuka na mvumo haubadiliki. Hapo mashine imeujua udongo wa mahali hapo. Namba ile si ya wilaya, wala ya kijiji. Ukitoka shamba jekundu ukashuka bondeni kwenye udongo mweusi wa tope, isawazishe upya. Ukipita kwenye kichuguu, ambacho mchwa wamekijenga kwa udongo wa chini, utaisikia ikilalamika. Penye majivu ya mkaa wa zamani italalamika zaidi. Baada ya muda unaanza kuutambua mpaka wa udongo kwa sikio kabla jicho halijauona, na mimi ninaamini huo ni ujuzi wa nchi unaostahili heshima sawa na wa mkulima anayeonja udongo kwa vidole.

Mwisho punguza usikivu. Kila mgeni wa kazi hii huuongeza hadi juu, kama anayeamini kelele ni nguvu. Upunguze mpaka mashine itulie, halafu jenga shamba lako dogo la majaribio uani: fukia sarafu, msumari wa bati, kisoda, kipande cha spoku ya baiskeli, kila kimoja kwa kina unachokijua, weka vijiti. Lipitie asubuhi kukiwa na umande, lipitie kiangazi ardhi ikiwa imekauka, lipitie mvua za Novemba zikishaanza. Sarafu ileile itasema kwa sauti tofauti. Msumari uliolala unaweza kujifanya sarafu, ila ukizunguka robo duara na kuupitia tena kwa upande wa pili, sauti yake inakatika. Sarafu ya kweli husema neno lilelile kila upande.

Kwa nini mtu ajitaabishe hivyo katika Kasulu na Kibondo? Kwa sababu nchi hii ina mahame mengi. Miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu kutoka maeneo yenye mbung'o, hasa upande wa Kibondo, ikawakusanya kwenye makazi ya pamoja ili kuukwepa ugonjwa wa malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, Waha wakatolewa tena katika miji yao ya kifamilia iliyotawanyika vilimani wakapelekwa kwenye vijiji vya ujamaa. Mara mbili katika maisha ya mzee mmoja. Miji ile ilirudi kuwa pori au shamba, na kilichobaki cha kuonekana ni safu ya minyaa iliyokuwa uzio, au mwembe unaozaa bila mwenyewe. Kilichobaki cha kusikika ni kingi zaidi.

Katika sarafu za huku kuna jambo ambalo sikio hulipambanua kabla ya jicho. Serikali tatu zilizopita hapa, zote zilitoboa pesa zake ndogo katikati. Wajerumani, ambao mwaka 1904 waliacha pesa 64 kwa rupia wakaweka heller 100, walitoa heller kumi yenye tundu kuanzia 1908. Wabelgiji waliingia na jeshi lao mwaka 1916 na kuishika Kigoma hadi 1921, na santimu za Kongo yao zilikuwa na tundu. Waingereza wakaja na senti kumi yenye tundu na pembe za ndovu ubavuni. Mikononi mwa mzee asiyesoma zote ni tundu. Kwenye ditekta haziko pamoja: heller kumi na zile santimu zenye nikeli husema chini, karibu na karatasi ya pakiti ya sigara, senti ya Mwingereza, ya shaba, husema juu na kwa uwazi. Ukiisikia sauti ile ya juu kwenye hame la Buha, fikiria ilivyofika. Nchi hii ilikuwa bohari la vibarua wa mkonge wa Tanga. Vijana waliondoka kwa mguu na kwa treni ya Kigoma, wakawa manamba, wakarudi na shilingi za kodi na za mahari. Senti iliyodondoka uani ilikuwa imesafiri kutoka pwani mfukoni mwa mtu aliyekata majani ya mkonge kwa hesabu ya mafungu. Kwa bei ya soko haina kitu. Nisingeibadilisha kwa punje ya dhahabu.

Wanaotafuta dhahabu, hasa wale wa mali za Mjerumani, wana hadithi yao ya hazina iliyofukiwa, na chembe ya ukweli imo: mwaka 1916, vita ikiwabana, Wajerumani kule Tabora walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Lakini hadithi hiyo imechimbua misingi ya nyumba na makaburi ya watu, na hilo linaniuma. Makaburi ya Buha mengi yako mjini kwa mtu, karibu na nyumba. Anayeingia na mashine bila kupiga hodi kwa mwenye shamba na kwa mwenyekiti wa kitongoji, bila kuonyeshwa wazee wamelala wapi, hastahili kuitwa fundi wa chombo hiki hata kama anajua kukiseti. Shimo lililochimbwa lifukiwe, nyasi zirudi juu. Na kwa kuwa tuko mpakani, na silaha zimewahi kupitishwa porini katika miaka ya vita za majirani, kitu chochote chenye umbo la bomu kiachwe palepale na polisi waitwe.

Sheria nayo iko wazi. Kuchimba madini kunataka leseni chini ya Sheria ya Madini ya 2010. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakihesabu kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa malikale, na kuchimbua malikale kunataka kibali. Kuna wanaoiona sheria hii kuwa kikwazo cha burudani yao. Kwangu ndiyo inayoipa kazi hii kilele chake, kwa sababu ya wahunzi.

Waha walikuwa wahunzi. Majembe ya eneo hili la maziwa yalitembea njia zilezile za chumvi ya Uvinza, yakabadilishwa kwa vitu vingine, yakalipwa mahari. Wahunzi walitumia chuma cha ardhi hii hii inayotusumbua masikioni. Ukifika walipoyeyushia, huna haja ya kuambiwa: usawazishaji unavunjika, mashine inavuma kila upande, na miguuni kuna mavi ya chuma, mawe meusi mazito yenye vitundu, pamoja na vipande vya mirija ya udongo ya mifuo. Huko Buhaya, nchi ya Wahaya, katika miaka ya 1970, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walijifunza uyeyushaji wa kale kwa kukaa na wazee walioujua na kwa kuchunguza mabaki kama haya, na thamani ya mabaki ilikuwa kwamba hayajaondolewa yalipoangukia. Mrija ulielekea wapi, mavi yamelundikana upande gani, mkaa uko kina gani: hayo yakishavurugwa na sururu hayarudi.

Kwa hiyo hapo nazima mashine. Naandika daftarini jina la kilima, mto ulio karibu, jina la mwenye shamba, namba ya usawazishaji ilipokataa, na vipimo vya mahali kutoka kwenye simu. Nakala moja naipeleka kwa afisa utamaduni wa wilaya, nyingine inabaki kwa mwenye shamba, kwa kuwa ndiye atakayelima pembeni yake msimu ujao na ndiye anayeweza kuelekeza plau ipite wapi.