Utiifu au Kufuata Sheria? Uchambuzi wa Istilahi za Maadili ya Kazi Migodini

Mfanyakazi anayeajiriwa katika mgodi mkubwa, uwe wa dhahabu huko Geita au wa almasi huko Mwadui, kwa kawaida hukabidhiwa kofia ngumu, viatu vya usalama na kijitabu cha maadili ya kazi. Ukurasa wa mwisho wa kijitabu hutakiwa autie sahihi, kukiri kwamba amekisoma, amekielewa, na yu tayari kuadhibiwa akikikiuka. Makala haya yanakusudia kuchunguza Kiswahili cha vijitabu vya namna hiyo. Mwandishi amepata kusoma vinne, vya makampuni mbalimbali. Majina ya makampuni hayatatajwa, kwani kasoro zinazozungumzwa hapa ni za wote, na nyingine ni zetu sisi wafasiri.

Jambo hili si la mapambo ya lugha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, inamtaka mwajiri kuhakikisha kwamba mfanyakazi asiyeelewa masharti ya kazi yaliyoandikwa anaelezwa kwa namna anayoielewa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania. Kwa hiyo tafsiri ya kijitabu cha maadili haitolewi kama hisani. Mtu aweza kufukuzwa kazi kwa neno lililomo ndani yake, na ni haki yake kulijua neno hilo kabla halijamfukuza.

1. Utiifu

Tuanze na neno linalobeba kijitabu kizima. Dhana inayokusudiwa ni hii: kwamba kampuni, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa lango, inafuata sheria za nchi na kanuni ilizojiwekea. Wafanyakazi wengi huitaja kwa neno la kigeni lililosharabiwa, komplayansi. Wafasiri wa vijitabu viwili kati ya vinne wameiita "utiifu", na wakapata "Idara ya Utiifu", "Afisa Utiifu" na "mfanyakazi mtiifu".

Hatusemi kwamba kitenzi "kutii" hakifai. "Kutii sheria" ni Kiswahili safi. Kasoro huja pale sheria inapoondolewa, ukabaki utiifu mtupu. Utiifu mtupu katika Kiswahili ni wa mtu kwa mtu: mtoto humtii mzazi, askari humtii mkubwa wake. Watumishi wa zamani watakumbuka barua zilizomalizikia kwa "mtumishi wako mtiifu". Hakuna aliyeelewa kwamba mtumishi huyo anaahidi kuitazama sheria. Aliahidi kumtazama bwana.

Sasa tumfikirie kijana wa ghala anayeamriwa na msimamizi wa zamu atie sahihi hati ya kupokea mapipa mia moja ya mafuta, naye ameyahesabu themanini. Dhana ya asili inamtaka akatae. Neno "utiifu" linamtaka atie sahihi. Hapa tafsiri imeigeuza dhana ikasimama kichwa chini: kanuni iliyotungwa kuwabana wakubwa na wadogo pamoja imekuwa fimbo ya mkubwa juu ya mdogo. Kwa maoni ya mwandishi, hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika vijitabu hivi. Yafaa tuseme "ufuataji wa sheria" au "uzingatiaji wa sheria na kanuni", na tusikubali kamwe kuiacha sheria nje ya istilahi.

2. Mgongano wa maslahi

Istilahi hii imekwisha kukomaa. Imo katika mazungumzo ya maadili ya viongozi wa umma, na watumishi wa serikali huielewa. Lakini neno "maslahi" lina maisha mengine mahali pa kazi. Chama cha wafanyakazi hudai maslahi bora. Mkutano wa hadhara huahidi kuboresha maslahi. Kwa mchimbaji, maslahi ni mshahara, posho, matibabu na kiinua mgongo. Mwandishi alihudhuria semina moja ambamo mwezeshaji alieleza kwamba kila mwenye mgongano wa maslahi lazima ajiandikishe kwa mkuu wa idara. Mzee mmoja wa karakana akasimama na kusema kwamba yeye na wenzake wana mgongano wa maslahi na kampuni tangu posho ya usiku ilipopunguzwa, na wangependa kuandikishwa wote. Watu walicheka, lakini mzee hakuwa anatania. Alikuwa amesoma Kiswahili kama kilivyo.

Hapa dawa si kubuni neno jipya. Tujifunze kwa Azimio la Arusha la mwaka 1967. Masharti yake ya uongozi, ambayo watu waliyaita miiko, yalitaja matendo yenyewe: kiongozi asiwe na hisa katika makampuni, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na makala haya hayana nia ya kuamua kama ilikuwa sawa au la. Jambo la lugha ndilo letu: mwananchi alijua bila kamusi ni tendo gani linakatazwa. Kijitabu nacho kibakize "mgongano wa maslahi" kama kichwa cha habari, kisha kieleze mara moja: usishiriki kuamua zabuni ambayo ndugu yako, rafiki yako au kampuni yako imeomba.

3. Malipo ya uwezeshaji na takrima

Kuna fedha ndogo ambazo mtu hutoa ili ofisa afanye haraka kazi ambayo ni wajibu wake kuifanya: kupitisha kipuri bandarini, kugonga mhuri. Mtaani fedha hizi huitwa chai, au kitu kidogo. Vijitabu vitatu vimeziita "malipo ya uwezeshaji". Sasa kuwezesha ni neno lenye sifa njema. Wananchi huwezeshwa kiuchumi. Semina huwa na mwezeshaji. Anayesoma kwamba malipo ya uwezeshaji yamekatazwa atadhani kampuni imefuta posho za semina.

Kosa hili lina gharama, kwani hata sheria za kigeni zinazoyabana makampuni haya hazilingani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 dhidi ya kuwahonga maofisa wa nchi za nje, baada ya kurekebishwa mwaka 1988, inaacha mwanya kwa malipo ya kuharakisha kazi za kawaida za ofisi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2010 haikuacha mwanya huo. Mfanyakazi hawezi kujua yuko upande gani wa mpaka ikiwa jina la kitu lenyewe linamficha. Tuseme "hongo ya kuharakisha huduma". Neno hongo litafanya kazi ambayo aya nzima haiwezi.

Kuhusu ukarimu kwa wageni na wateja, kijitabu kimoja kimetumia "takrima". Ni neno zuri la asili ya Kiarabu, lakini mfasiri hana budi kujua yaliyolipata. Takrima ilihalalishwa katika sheria ya uchaguzi kwa marekebisho ya mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikayabatilisha mwaka 2006. Tangu hapo neno hilo linanukia rushwa. "Zawadi na ukarimu" yatosha.

4. Mpuliza filimbi

Vijitabu vyote vinne vinamhimiza mfanyakazi kuwa "mpuliza filimbi". Hii ni tafsiri sisisi, neno kwa neno. Mgodini sauti kali ina maana yake: king'ora hulia kabla ya baruti kulipua mwamba, na kila mtu hukimbilia mahali pa salama. Apulizaye filimbi hufanya hivyo ili asikiwe na wote. Lakini kijitabu hichohicho, mistari miwili chini yake, kinaahidi kwamba jina la mtu huyo litafichwa. Atafichwaje naye ameambiwa apulize filimbi?

Liko jambo zito zaidi. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi imempa mtu huyu kinga dhidi ya kulipiziwa kisasi. Katika sheria anaitwa mtoa taarifa. Tukimpa jina jingine katika kijitabu, tunamnyima njia ya kuifikia kinga yake, kwani hatajua kwamba anayezungumzwa kule ni yeye. Na wenzake wanayo majina yao tayari: mchongezi, msaliti. Jina la sheria ndilo ngao yake ya kwanza.

5. Hitimisho

Yapo ambayo yaweza kupingwa. Wengine watasema kila istilahi mpya huonekana ngeni mwanzoni. Ni kweli: "uziduaji" lilishangaza wengi, na leo hutumika bila taabu linapozungumzwa suala la uwazi katika tasnia ya madini, mafuta na gesi. Lakini uziduaji husomwa zaidi na maofisa na watafiti, ambao wana muda wa kulizoea. Kijitabu hutiwa sahihi siku ya kwanza. Wengine watasema mfasiri amefungwa na wanasheria wa makao makuu. Nao wajibiwe kwamba uaminifu wa mfasiri ni kwa maana, na kwamba wanasheria hao ndio watakaoaibika mahakamani maana ikipotea.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, istilahi za maadili ya kazi zilizomo katika sheria zetu zitumike vilevile katika vijitabu, na zile zisizokuwamo ziletwe mbele ya Baraza kusanifiwa. Pili, kabla kijitabu hakijachapwa, kisomwe kwa sauti mbele ya wafanyakazi wa zamu moja, kisha wao waeleze kwa maneno yao, kwa mfano wa kazini, kila katazo walilolisikia. Palipoelezwa kinyume, mfasiri arudi mezani. Sahihi ya mfanyakazi ije baada ya hapo.