2f(x) na f(2x): Kusoma Nafasi ya Namba

Tuiweke milinganyo miwili ubavu kwa ubavu: y = 2f(x) na y = f(2x). Alama ni zilezile. Kilichobadilika ni mahali ilipokaa 2. Tuchukue f(x) = x² − 4. Grafu yake ni parabola inayokata mhimili wa x kwenye −2 na 2, na kitako chake kiko −4. 2 ikikaa nje, kitako kinashuka hadi −8, huku zile nukta mbili za mhimili zikibaki palepale, maana sifuri mara mbili ni sifuri. Ikiingia ndani ya mabano, kitako hakisogei, ila nukta za mhimili zinaletwa hadi −1 na 1. Grafu ya kwanza imevutwa wima; ya pili imebanwa kwa mlalo, ikabaki na nusu ya upana wake.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. Darasani hupewa kanuni fupi ya kukariri: namba ya ndani hufanya kinyume. Kanuni ni sahihi, wala simlaumu mwalimu mwenye vipindi vingi anayeitegemea. Lakini inaufanya mlinganyo uonekane kigeugeu, nao una msimamo mmoja tu.

Tusome polepole. f(2x) inaagiza x izidishwe kwanza, ndipo ikabidhiwe f. Ili f ipate 2, x inatosha kuwa 1; kwa hiyo kila kilichokuwa kikitokea kwenye grafu sasa kinatokea katika nusu ya umbali kutoka mhimili wa y. Turudi kwa y = 2f(x), tugawe pande zote kwa 2: y/2 = f(x). Kumbe namba ikikaa na y, inaigawa, na grafu inarefuka mara mbili. Vivyo hivyo f(x/2) inaigawa x, na grafu inapanuka mara mbili. Ule ukinyume umeletwa na desturi yetu ya kuiacha y peke yake upande wa kushoto. Desturi hiyo inafaa sana kwa kukokotoa, ila inaficha umbo.

Duaradufu haina upendeleo huo. Mlinganyo x²/9 + y²/4 = 1 ni duara lenye nusukipenyo 1 lililovutwa mara 3 kwa mlalo na mara 2 kwa wima. Soma (x/3)² na (y/2)²: namba zote mbili zinagawa, zote mbili zinapanua. Katika mada hii nzima sijaona mlinganyo unaosema ukweli wake waziwazi kama huu.

Kuna fanksheni ambazo ndani yake badiliko la mlalo halitenganishiki na la wima. log(10x), kwa kizio cha 10, ni 1 + log x: umebana kwa mlalo, lakini grafu inaonekana imepandishwa tu hatua moja. sin x inakataa mchanganyiko huo. Katika y = 3 sin 2x, wimbi linafika kimo cha 3 na kukamilika ndani ya nyuzi 180 badala ya 360, na hakuna namba ya kuizidisha x ndani itakayolipandisha wimbi la sin x kupita 1.

Parabola y = 4x² ni 4 mara x², na pia ni (2x)². Basi mtihani ukiuliza y = x² imefanywa nini hata ikawa y = 4x², majibu sahihi ni mawili, na mwanafunzi aliyeandika “imebanwa kwa mlalo hadi nusu” anastahili alama zake zote, hata kama mwongozo wa kusahihishia unasema “imevutwa wima mara 4”.