Nakala ya Baiti 20

Nilibonyeza kitufe cha kuhifadhi nakala ya hifadhidata, ukurasa ukaandika "Nakala imehifadhiwa", na faili lilikuwepo, jina na tarehe sawasawa. Ila lilikuwa na baiti 20 tu, ukubwa wa faili la gzip lisilo na kitu ndani. Skripti yangu ya PHP ilikuwa na mstari huu:

exec("mysqldump duka | gzip > nakala.sql.gz", $matokeo, $hali);

Kwenye Linux, programu huanza ikiwa na mikondo mitatu: 0 wa kupokea, 1 wa matokeo, 2 wa makosa. Amri ya exec hukusanya mkondo wa 1 peke yake. Hapa mysqldump, programu inayotoa nakala, ilikataliwa kuingia kwenye hifadhidata, ikalalamika kupitia mkondo wa 2, na malalamiko hayakufika ukurasani.

Lakini niliikagua $hali, nayo ilikuwa 0, yaani mafanikio. Sababu ni ile alama ya |. Amri zikiunganishwa hivyo, kwa kawaida hali inayorudishwa ni ya amri ya mwisho. gzip ilipewa utupu, ikaubana vizuri, ikatangaza mafanikio.

Dawa inayokimbiliwa na wengi ni 2>&1, yaani mkondo wa 2 uelekee pale unapoelekea mkondo wa 1 wakati huo. Ukiiweka mwishoni mwa mstari ule, utayaelekeza makosa ya gzip pekee, tena ndani ya faili la nakala. Ukiiweka baada ya mysqldump, hatari inazidi: maneno ya kosa yataingia ndani ya nakala yenyewe, katikati ya data.

Kilichofaa ni kuzitenganisha kazi:

exec("mysqldump --result-file=nakala.sql duka 2>&1", $makosa, $hali);

Sasa data inakwenda moja kwa moja kwenye faili, na mkondo wa 1 unabaki mtupu kwa ajili ya makosa. $hali nayo ni ya mysqldump yenyewe. Ikiwa 0, ndipo gzip inaitwa. Ikiwa vinginevyo, $makosa yanaandikwa kwenye kumbukumbu za seva. Mgeni haonyeshwi makosa hayo, kwa sababu ndani yake mna jina la mtumiaji wa hifadhidata.

Nilipoijaribu mara ya kwanza, ukurasa uliandika "Nakala imeshindikana", na kumbukumbu zikamtaja mtumiaji aliyekataliwa. Nilirekebisha ruhusa zake, nikabonyeza tena, nakala ikapatikana. Kisha nikairejesha nakala hiyo kwenye hifadhidata ya majaribio, nikahesabu safu mlalo za kila jedwali. Tangu hapo, sisemi nina nakala kabla sijaifungua.