Kastori, kanivo na jiko la mama

Wandugu, nimemaliza Eager, kitabu cha Ben Goldfarb kilichotoka 2018. Mwenzetu mmoja alikisifu sana hapa, akasema kastori, ule mnyama mwenye mkia bapa kama mwiko, atafundisha mainjenia kazi ya maji ya mvua. Mimi ni injenia, nikakasirika kidogo. Njo maana nimekisoma chote, kalamu mkononi.

Kwanza niseme pale kiliponishinda. Ni habari ya Martinez, mji mdogo wa California. Mwaka 2007 kastori walijenga ukingo wa miti na matope katika Alhambra Creek, kijito kinachopita katikati ya mji. Wakubwa wa mji wakaogopa mafuriko, wakataka kuwaua. Raia wakakataa, wakajaa mkutanoni. Suluhisho likawa bomba tu! Linapita ndani ya ukingo, na mdomo wake uko mbali kule bwawani, ndani ya kizimba cha waya, ili mnyama asijue maji yanatokea wapi akaenda kuziba. Maji yanabaki kwa kipimo, kastori anabaki kwake, watu wanalala. Kurasa zile zimenifundisha kuliko kozi moja nzima ya betoni niliyofanya.

Sasa ugomvi wangu. Goldfarb anapenda kastori kama mtu anayemwandikia mchumba barua. Mto wa shamba na mto wa mji ni vitu viwili, na kwangu kitabu hakikai hapo vya kutosha. Mjini mvua inaanguka juu ya mabati na lami, haipate udongo, inafika yote mara moja. Bwawa la mainjenia linangojea mvua likiwa tupu. La kastori mara nyingi limeshajaa. Msaada wake ni kuvunja mbio: maji yanatawanyika pembeni, yanapita polepole kati ya miti na majani, matope yanatua. Lakini hiyo inaomba pembeni pawe na nafasi. London, kule Ealing, waliachilia familia ya kastori watano Oktoba 2023 ili wapunguze mafuriko. Wapi? Paradise Fields, palipokuwa zamani uwanja wa golf. Ah, uwanja wa golf!

Siye huku Bukavu, mto Kawa unapita nyumba zikiugusa huku na huku. Hata kama Afrika ingekuwa na kastori wa porini (haina), bwawa lake angeliweka wapi? Jikoni kwa mama yangu. Mama anaishi kule chini. Mvua ya mwisho ilimfikia mpaka miguu ya kitanda.

Na hapa njo kitabu kimeniuma. Kanivo ya avenyu yetu nilichora mimi. Imenyooka, laini, maji yanakimbia vizuri, nami nilijivunia. Yanakimbia mpaka kwake, haraka kuliko zamani. Goldfarb ananiambia, kurasa mia na mia, kwamba mto uliosafishwa sana ni mto mgonjwa, na sina cha kumjibu. Jumamosi nitapanda kule juu na mita yangu, nione kama kuna hata vipande viwili vitatu vya ardhi ambavyo hakuna aliyejenga bado.

Anayetaka kitabu aje kwangu. Arudishe tu, kina maandishi yangu pembeni, mengine ya hasira.