Ufundi wa Mwendo

Baiskeli ya darasa la mazoezi haiendi popote. Mbele ina gurudumu zito la chuma, na kando yake kirungu cha kukaza au kulegeza. Pedeli zimeunganishwa moja kwa moja na gurudumu hilo, hivyo miguu haiwezi kusimama ghafla: chuma kikishika kasi, nayo hubebwa. Zoezi hili lilianzia Marekani, ambako Johnny Goldberg, mwendesha baiskeli mzaliwa wa Afrika Kusini, alifungua ukumbi wake Santa Monica mwaka 1989. Leo liko katika jimu za Dar es Salaam na Nairobi. Mwalimu huvaa kipaza sauti, muziki hupigwa, na wanafunzi huzungusha pedeli mara 80 hadi 110 kwa dakika kwenye tambarare, 60 hadi 80 kwenye mlima. Mlima wenyewe ni kirungu kilichokazwa.

Kuzungusha pedeli si ufundi. Ufundi ni kuwashika watu wenye nguvu zisizolingana katika mwendo mmoja, mzembe asilale na mwenye pupa asijimalize mapema. Katika Afrika Mashariki, shule kubwa ya ufundi huo ilikuwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, na walimu wake walikuwa Wanyamwezi.

Mpagazi alichukua mzigo wa ratili 70 hivi, yaani kilo 32, mbali na chakula chake na mkeka wake. Mbele alitangulia kirangozi, amejipamba kwa manyoya na ngozi, ngoma ikimfuata, na katika misafara ya Waarabu bendera nyekundu ya Unguja ikiwa juu. Nyimbo zilipokezanwa kutoka mbele hadi mkia wa safu. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857 baada ya siku 134 za safari, aliandika kuhusu sheria moja ya njiani: hakuna ruhusa ya kumpita kirangozi. Aliyempita alichomolewa mshale katika podo lake, uwe ushahidi wa kumtoza faini safari itakapokwisha.

Sheria hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Haikumwadhibu mchovu, ilimwadhibu mwenye nguvu. Mtu mmoja akikimbia, wa nyuma yake hulazimika kukimbia, safu hukatika vipande, na wanaosalia mkiani hubaki mawindo ya wanyang'anyi. Wala mkosaji hakugombezwa papo hapo, kwani ugomvi nao husimamisha msafara. Mshale ulitosha. Kumbi nyingi za mazoezi za siku hizi zimefanya kinyume kabisa: ukutani huwekwa skrini yenye majina, anayewazidi wenzake hung'aa juu kabisa, na wa chini huachwa asome aibu yake mbele ya wote. Huo ni uzembe wa mwalimu, hata kama mtambo ni wa gharama.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo mkubwa ulihamia kwenye mabehewa. Njia za pembeni, kama ya kuelekea Sikonge, zilikuja kuwa za baiskeli: asali, mkaa, mahindi, na madumu ya maji wakati wa kiangazi. Hapo ufundi wa wapagazi ulipata chombo kipya. Mpakiaji hodari haanzi kwa kamba, huanza kwa kuupima mzigo kwa mikono, ajue uzito wake umelalia wapi. Kilicho kizito hukaa chini, karibu na ekseli, maana mzigo ukilemea nyuma usukani huinuka. Hufungwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, ikivutwa mpaka iitike ikipigwa kidole. Penye mchanga aliyetangulia hutafuta pagumu, na wa nyuma hufuata alama ya tairi lake, sako kwa bako lakini bila kugusana, kwa kuwa anayeanguka na magunia mawili ya mkaa hawezi kujiinua bila wenzake.

Pikipiki sasa zinaimaliza kazi hiyo. Kijana hufunga mzigo uleule kwa haraka, hata ukiwa umeegemea upande, kwa kuwa injini itausukuma tu; huenda peke yake na kurudi kabla ya adhuhuri. Nafuu yake ni ya kweli, na aliyewahi kusukuma mkaa mchangani hawezi kuibeza. Lakini hana tena wa kumngoja njiani, wala wa kumfundisha kungoja.