Pahala pa Aliyefutwa

Katika picha moja mashuhuri ya mwaka 1937, Joseph Stalin anaonekana kando ya mfereji uliochimbwa kuunganisha mji wa Moscow na mto Volga. Ubavuni pake yupo Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, mtu mfupi wa kimo ambaye jina lake peke yake lilitosha kutia watu hofu. Yezhov alipoanguka, akauawa mwaka 1940, picha ile ilitolewa upya bila ya yeye. Pale aliposimama pakachorwa maji. Asiyekijua kisa hiki haoni pengo lolote. Huona mfereji tu.

Maji hayo ndiyo kiini cha hoja. Watu husema "kufuta", neno la ubao na chaki, na kwa neno hilo hudhani kwamba kumtoa mtu pichani ni kupunguza. Lakini nyuma ya mtu aliyepigwa picha hakuna mandhari iliyofichika, ikingoja kufunuliwa. Akitoka yeye, sharti kitiwe kitu pahala pake, na kitu hicho hakikuonwa na kamera. Kwa hiyo kila afutaye huchora.

Kazi iliyotaka fundi, wembe na rangi katika zama za Stalin, leo ni ya kidole kimoja. Programu ya Photoshop ilianza kuuzwa mwaka 1990. Mwaka 2010 ikapewa uwezo wa kuziba pengo yenyewe, kwa kuazima vipande kutoka sehemu nyingine za picha: mchanga ukazibwa kwa mchanga, ukuta kwa ukuta. Mwaka 2021 simu za Google zikawekewa kifutio cha namna hiyo. Tangu 2023 Photoshop huweza hata kubuni kipande kipya kabisa, kwa mazoea iliyoyapata katika picha nyingi mno za watu wengine.

Haitakuwa insafu kuwatia wafutaji wote kapu moja. Bwana harusi anayemwondoa mpita njia aliyekatiza nyuma ya bibi harusi hana kosa la dola. Picha yake ni pambo la sebuleni, wala hakuna atakayeitolea ushahidi. Mshairi naye hufuta. Neno likizidi mizani hulitoa. Kina kikimgomea huuvunja ubeti mzima akaufuma upya. Mpiga picha akijitetea kwa mfano huo atasikilizwa, ila si mpaka mwisho. Neno la shairi lililetwa na mshairi mwenyewe, naye ana haki ya kulirudisha alikolitoa. Mtu aliye pichani hakuletwa na mpiga picha. Alikuwapo.

Tofauti hiyo ilidhihirika Januari 2020 mjini Davos, Uswisi. Vijana watano, watetezi wa mazingira, walipigwa picha pamoja, milima ya theluji ikiwa nyuma yao. Picha iliyotangazwa na shirika la habari la Associated Press ilikuwa na wanne, wote Wazungu. Aliyekatwa ni Vanessa Nakate wa Uganda, Mwafrika pekee miongoni mwao, ambaye alikuwa amesimama ukingoni. Hapakuhitajika hata programu ya kuchora maji. Ulisogezwa ukingo tu. Shirika lilieleza kwamba jengo lililokuwa nyuma yake liliharibu mpangilio wa picha. Baadaye likaomba radhi.

Udhuru ule wa kwanza unastahili kusomwa kwa makini, kama yasomwavyo mashairi. Ni udhuru wa fani: mpangilio, ulinganifu, utulivu wa jicho. Na huenda ulikuwa wa kweli. Lakini anayeujua ushairi wa Kiswahili anajua kuwa fani haiguswi bila ya maudhui kutikisika. Picha iliyobaki ilitulia machoni, na ilikuwa na maana mpya: kwamba vijana wanaoililia hali ya hewa ya dunia ni wa Ulaya peke yao. Hakuna aliyekaa akaiandika maana hiyo. Iliandikwa na mkasi. Yezhov aliondolewa kwa kusudi na Nakate kwa ajili ya jengo, lakini mtazamaji wa picha zote mbili aliachwa katika ujinga ule ule.

Waswahili wana kipimo chao cha utupu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, alikuwa ameielekea Pate iliyokwisha adhama yake, na majumba yaliyohamwa na wenyewe. Utupu wa utenzi huo umejaa watu. Mshairi huwakumbuka waliokaa humo na fahari yao, na viumbe waliohamia katika kuta zile hawawafichi waliotangulia, huwashuhudilia. Msomaji hutoka humo akijua ni nani asiyekuwapo. Maji ya Moscow yalichorwa ili asijue.

Basi anayependa kusafisha picha zake na azisafishe, lakini ile ya mwanzo asiitupe. Kisa cha Yezhov kinasimulika leo kwa sababu moja tu: nakala ya kwanza haikupotea.